PICHA ISIYO NA NAKALA

(Hotuba ya mpiga picha wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika mkutano wa kuadhimisha mwaka wa kumi)



Nimeagizwa na Halmashauri niseme habari za picha za wazee waanzilishi ambazo mmeziona zimetundikwa ukutani pale mlangoni, na hasa niwaeleze jinsi zilivyotengenezwa, kwa sababu yamekuwapo maneno mengi. Wako waliosema kwamba ni picha za kale zilizofukuliwa kabatini. Wengine wameuliza kwa nini Chama kilichoweza kununua mizani ya umeme kinapiga picha kwa sanduku la mbao, hali kila kijana aliyemo humu ukumbini ana simu mfukoni. Na mjane mmoja aliniuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, nami nitalifikia kwa wakati wake: picha hizi ni mali ya nani?

Kwanza tuelewane juu ya picha ya kawaida. Karatasi ya picha imepakwa utando mwembamba wa jelatini, na ndani ya jelatini hiyo zimetawanywa chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Nasema fedha ile madini, si fedha ya malipo ya pili ambayo wengi wenu mnaingoja. Mwanga ukizigusa chembe hizo huwezi kuona badiliko lolote, lakini zimekwisha kutiwa alama. Ukiizamisha karatasi katika dawa ya kusafishia, zile chembe zilizoguswa hugeuka kuwa fedha tupu, na fedha iliyo katika punje ndogo namna hiyo haing'ai, bali huonekana nyeusi. Basi penye mwanga mwingi huwa peusi, na penye giza hubaki peupe. Kanzu ya mzee hutoka nyeusi kama makaa, na uso wake hutoka mweupe kama wa mzuka. Hiyo ndiyo picha ambayo wapiga picha huiita negativu. Ili kupata picha ya kweli hubidi kuupitisha mwanga katika negativu uangukie karatasi nyingine, na kinyume cha kinyume kikawa sawa.

Negativu ni kama lile bati la kupigia chapa magunia. Bati likiwapo, waweza kupiga chapa gunia moja au elfu, na la mwisho litafanana na la kwanza. Picha za ukutani hazikupitia bati. Karatasi ile ile iliyokaa ndani ya sanduku mbele ya uso wa mzee, na kuguswa na mwanga uliotoka usoni pake, ndiyo hiyo hiyo mnayoitazama. Nyingine mfano wake haipo.

Jinsi karatasi moja inavyoweza kutoa picha ya kweli bila ya negativu ni jambo linalowatatiza hata watu wa kazi, lakini sidhani kama litamtatiza mkulima wa kahawa. Fikirini mchumo. Mchumaji wa kwanza akiingia shambani huyachuma matunda mekundu peke yake, akayaacha mabichi mtini. Yale mekundu huondolewa, yakaenda zake kiwandani. Baada ya siku kadhaa jua limeyaivisha yaliyobaki, na mchumaji wa pili hupita akayachuma yote. Mti ambao wa kwanza alichuma sana, wa pili atapata kidogo. Na mti ambao wa kwanza hakupata kitu, wa pili atajaza kikapu. Karatasi ya kugeuza hufanya vivyo hivyo. Dawa ya kwanza huzichuma chembe zilizoguswa na mwanga katika kamera na kuzifanya nyeusi. Kisha dawa ya kufutia huiyeyusha fedha hiyo nyeusi na kuiondoa kabisa, ikaziacha chembe ambazo hazikuguswa. Hapo taa huwashwa, au karatasi hupelekwa juani, na chembe zilizobaki zote huiva. Ndipo dawa ya pili huzigeuza kuwa nyeusi. Kanzu ya mzee, ambayo ilichumwa yote mara ya kwanza, haina kilichobaki, basi ni nyeupe. Kivuli cha chini ya kofia, ambacho hakikuguswa, kinatoka cheusi. Picha imegeuka ikawa ya kweli.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1839, katika Ufaransa, alikuwapo karani wa Wizara ya Fedha jina lake Hippolyte Bayard. Husimuliwa kwamba baba yake alipenda sana bustani ya matunda, na kwamba alikuwa na desturi ya kubandika herufi za karatasi juu ya mapichi yangali mtini, jua likaiva rangi pande zote isipokuwa chini ya herufi, na tunda likachumwa likiwa na jina la mwenyewe. Mtoto aliyekulia katika bustani ya namna hiyo hakuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba mwanga huandika. Bayard alichukua karatasi yenye chumvi ya fedha, akaiacha juani mpaka ikawa nyeusi, akailowesha katika maji yenye iodidi ya potasiamu, kisha akaiweka ndani ya kamera. Kila mahali mwanga ulipoangukia, weusi ukafifia. Akapata picha ya kweli moja kwa moja juu ya karatasi, bila ya negativu. Tarehe 24 Juni 1839 aliwaonyesha watu wa Paris picha zake zipatazo thelathini.

Lakini mwaka ule ule mtu mwingine, Daguerre, alikuwa na njia yake ya kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, naye alikuwa na marafiki wakubwa. Serikali ya Ufaransa ilimpa Daguerre malipo ya faranga 6,000 kila mwaka kwa maisha yake yote. Bayard alipewa faranga 600 za kununulia vyombo, mara moja, basi. Mwaka 1840 alijipiga picha ameketi amefumba macho, kifua wazi, mfano wa mtu aliyeopolewa majini, na nyuma ya picha akaandika kwamba huyu ni maiti ya Bayard, aliyejitupa mtoni kwa sababu Serikali iliyompa Daguerre mengi haikuweza kumfanyia yeye kitu. Hakufa, kwa kweli. Aliishi mpaka 1887. Nimeitaja habari hii kwa kuwa watu waliouza kahawa kwa walanguzi, wakapewa bei waliyopewa, wanaweza kumfahamu Bayard upesi kuliko maprofesa.

Baada yake njia ya karatasi isiyo na negativu ilisinzia muda mrefu, ikaamka mahali ambapo watu walitaka upesi na urahisi. Mwaka 1925, katika barabara ya Broadway mjini New York, Anatol Josepho, mzaliwa wa Siberia, alifungua kibanda chake cha picha. Mtu aliingia, akatia senti 25, akakaa mbele ya taa, na baada ya muda wa kama dakika kumi akatoka na picha nane katika ukanda mmoja wa karatasi. Ukanda ule ulikuwa umepita ndani ya mashine katika dawa moja baada ya nyingine, bila ya negativu. Katika miezi sita ya kwanza watu 280,000 walikaa katika kibanda hicho.

Katika maofisi nako jambo hili lina historia yake. Kabla ya mashine za leo za kutoa nakala, zilikuwapo kamera kubwa za kupiga picha hati moja kwa moja juu ya karatasi. George Beidler wa Oklahoma alianzisha kampuni ya kutengeneza kamera hizo mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1909 akaihamishia Rochester, karibu na kampuni ya Haloid iliyomwuzia karatasi. Mwaka 1935 Haloid ikaimeza kampuni yake, na Haloid hiyo hiyo ndiyo ambayo tangu 1961 inaitwa Xerox. Nakala za kamera zile zilitoka nyeupe juu ya nyeusi, na aliyetaka nakala ya kawaida alilipia kupigwa picha mara ya pili. Kwa hiyo makarani wetu wanapobonyeza kitufe na kupata nakala ya hati ya shamba, mashine wanayoibonyeza ni mjukuu wa karatasi hii ninayoizungumza.

Sasa niwapelekeni ndani ya chumba cha giza, ambacho kwetu ni ile stoo ya zamani ya mbolea, iliyozibwa madirisha kwa karatasi nyeusi.

Kamera yetu ni sanduku la mbao lililotengenezwa na seremala wa hapa hapa, lenye lenzi mbele na mahali pa kuwekea karatasi nyuma. Wapiga picha wa barabarani wa Kabul, katika Afghanistan, walitumia sanduku la namna hii kwa miaka mingi, na ndani ya sanduku lenyewe walikuwa na visahani vya dawa, mkono ukiingia kwa kupitia shati ya kitambaa. Wao walitumia karatasi mbili: ya kwanza ikawa negativu, wakaitundika mbele ya lenzi wakaipiga picha tena. Sisi tunatumia moja. Ziko karatasi zilizotengenezwa kiwandani hasa kwa kazi hii, ambazo hutoa picha ya kweli kwa dawa ya kawaida, lakini ni ghali na huagizwa mbali. Kwa hiyo sisi tunaigeuza kwa dawa karatasi ya kawaida ya kuchapia picha, ile yenye ngozi ya plastiki, kwa sababu husafika kwa maji machache.

Karatasi ya picha ni nzito wa kuona. Pale ambapo simu yako hupiga picha kabla hujapepesa macho, karatasi kivulini hutaka sekunde moja, mbili, hata tatu. Ndiyo maana wazee wote ukutani wamekaa imara, wala hakuna aliyecheka. Si kwamba walikuwa na huzuni. Hakuna awezaye kushikilia kicheko sekunde tatu kikabaki kuwa kicheko.

Tena karatasi hii haioni rangi nyekundu. Kwetu ni faida, maana twaweza kufanya kazi chini ya taa nyekundu bila ya kuiharibu. Lakini kwa sura za watu ni jambo la kuangaliwa sana. Ngozi ya kahawia ina wekundu ndani yake, na karatasi huuona wekundu huo kama giza. Mzee mweusi akivaa kanzu nyeupe akakaa juani, karatasi itaitosheleza kanzu na kumwacha mwenyewe kivulini, akatoka kofia na meno. Picha nyingi za zamani za watu wetu zimeharibika hivyo, na mara nyingi si kwa kuwa kazi haikuwezekana kufanywa vizuri, bali kwa kuwa mpiga picha alipima mwanga wa nguo wala hakupima wa uso. Katika karatasi ya kugeuza, mwanga ukizidi picha huwa nyeupe zaidi, na ukipungua huwa nyeusi zaidi. Ni kinyume cha kuchapa kwa negativu, na fundi aliyezoea njia ile hupotea hapa kwa wiki nzima. Sisi tunapima uso peke yake, na kanzu tunaiacha ijitafutie. Zaidi ya hayo, kabla ya kuiweka karatasi katika sanduku tunaionyesha mwanga hafifu sana kwa kitambo kidogo, ili vivuli vyake vilegee, na makunyanzi ya uso yaonekane mstari kwa mstari. Tazameni picha ya tatu kutoka mlangoni mtafahamu nisemalo.

Jambo jingine mlilolitambua wenyewe: katika picha hizi kushoto ni kulia. Lenzi huipindua sura, na kwa kuwa hakuna karatasi ya pili ya kuirudisha, sura hubaki kama ilivyo katika kioo. Mzee mwenye kovu la panga kwenye shavu la kushoto, ukutani kovu liko kulia. Yeye mwenyewe aliitambua picha yake mara moja, kwa kuwa ndivyo anavyojiona akinyoa ndevu. Mkewe ndiye aliyekataa kwamba ni yeye. Zile kamera za ofisini nilizozitaja ziliwekewa kipande cha kioo cha pembe tatu mbele ya lenzi ili maandishi yasomeke. Sisi hatuna, na kwa hiyo njia hii isitumiwe kamwe kwa hati wala kwa kitabu cha mwanachama.

Karatasi ikitoka sandukuni huingia katika dawa ya kwanza, iliyo kali kuliko ya kawaida, ikakaa humo dakika tatu kamili. Hapa pana kishawishi. Picha huonekana baada ya nusu dakika, na mtu akidhani imetosha akaitoa, atakuwa amemwita mchumaji wa kwanza arudi nyumbani na matunda mekundu yangali mtini. Baadaye kila kitu kitatoka cha kijivujivu kama maji ya jivu. Kisha huoshwa, ikaingia katika dawa ya kufutia, na hapo, kwa muda mfupi, mtu huiona sura nyeusi ikiyeyuka mbele ya macho yake mpaka karatasi ikabaki na kivuli chepesi cha rangi ya maziwa. Nimewahi kuwaonyesha vijana wa klabu ya shule jambo hilo, na mmoja alisema nimemwua babu yake. Sasa taa huwashwa. Karatasi husafishwa uchafu wa dawa, huoshwa tena, hupelekwa juani dakika moja, kisha hutiwa katika dawa ya pili, na babu hurudi.

Maji yawe ya mvua. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na chumvi hiyo ikiingia katika dawa ya kufutia huigeuza fedha iliyotakiwa kuondoka ikawa chumvi ya fedha tena, ikabaki karatasini na kuja kuwa nyeusi mahali ilipotakiwa weupe. Pipa lililo chini ya bati la stoo limewekwa kwa ajili hiyo, nami nawaomba walinzi wasioge nalo.

Juu ya dawa ya kusafishia, wakulima watafurahi kusikia kwamba yaweza kupikwa kwa kahawa. Mwaka 1995 mwalimu Scott Williams wa Chuo cha Teknolojia cha Rochester, Marekani, pamoja na wanafunzi wake, alionyesha kwamba kahawa ya kopo ikichanganywa na magadi ya kufulia husafisha filamu na karatasi za picha. Baadaye watu waliongeza vitamini C, ikafanya kazi upesi zaidi. Si kafeini inayofanya kazi hiyo, bali asidi zilizomo katika kahawa, na robusta inazo nyingi kuliko arabika. Kwa mara moja basi, robusta imepata daraja la juu. Harufu yake mbaya haina mfano, na huiachia karatasi rangi ya kahawia kidogo, lakini tumeitumia katika dawa ya pili na picha mbili zilizo mwisho wa ukuta ni kazi ya kahawa yetu wenyewe.

Sasa nije katika jambo ambalo sikuja kulisema kwa utani. Dawa ya kufutia ndiyo yenye hatari. Vitabu vingi vya zamani vinasema itumike dikromati ya potasiamu pamoja na asidi ya salfuriki. Inafanya kazi vizuri, ni rahisi kuchanganya, na imetolewa kwetu kwa bei ndogo. Lakini kromiamu iliyo ndani yake ni ya aina inayoleta saratani, na ikiingia katika maji huua viumbe vyake. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu itumiwe bila ya kibali maalumu. Chumba chetu cha giza kiko juu ya kijito kinachopita katika mashamba ya vyama vitatu vya msingi. Sisi tumekwisha kugombana kwa miaka juu ya maji machafu ya mitambo ya kumenyea kahawa, mpaka yakachimbiwa mashimo. Itakuwa ajabu tukamwaga kwa ndoo, kwa ajili ya mapambo ya ukutani, kitu kibaya kuliko hayo. Nimeyarudisha makopo yale dukani, na naomba mkutano huu uandike katika kumbukumbu zake kwamba dikromati haitaingia tena katika majengo ya Chama.

Ziko njia mbili nyingine. Ya kwanza ni pamanganeti, zile punje za zambarau mnazozinunua duka la dawa, pamoja na asidi ya betri iliyopunguzwa sana. Asidi humiminwa ndani ya maji polepole; maji hayamiminwi ndani ya asidi hata siku moja, kwani huchemka na kurukia macho. Dawa hii huacha doa la kahawia linaloondoka kwa salfaiti, na hulainisha jelatini, basi ifanyiwe kazi asubuhi kungali na baridi. Ya pili ni maji ya oksijeni, yale ya kusafishia vidonda, pamoja na asidi ya ndimu ya dukani. Ni pole kuliko zote, lakini huenda taratibu, na mapovu yake huweza kuibambua picha kama ngozi iliyoungua. Kwa sasa natumia pamanganeti, nikifanya bidii kuizoea ile ya pili. Mabaki yote hukusanywa katika pipa la plastiki lenye kifuniko, kwa maana mna fedha iliyoyeyuka, nayo pia si rafiki wa samaki.

Bwana Mwenyekiti, nimefikia swali la picha ni ya nani.

Zamani zile za filamu, mwenye studio alikaa na negativu, nawe ukachukua picha. Ukitaka nyingine ulirudi kwake na ulilipa tena. Na studio ikifungwa, sura za wilaya nzima zilikwenda na maboksi yake. Katika njia hii mimi sibaki na kitu. Aliyeishika karatasi ndiye aliye nayo yote. Tangu tulipoanza kazi hii wazee wawili wamekwisha kufariki, Mungu awarehemu. Mjane wa mmoja wao alifika ofisini akaomba picha ya mumewe, akajibiwa kwamba imeandikwa katika daftari la mali ya Chama pamoja na meza na viti, na kwamba atapewa nakala iliyotolewa na mashine. Akaniuliza, tena kwa upole kuliko nilivyostahili: "Mwanangu, hiyo nakala ilikaa mbele yake?"

Nimesikiliza hoja za upande wa ofisi, wala si hoja za kudharauliwa. Nyumbani kuna moshi, mchwa na watoto. Ofisini kuna sefu ya chuma. Wazee hawa walitia saini katiba ya Chama hiki, na wajukuu wa wanachama wote wana haki ya kuwaona. Tena Chama ndicho kilichonunua karatasi. Haya yote ni kweli. Lakini ofisi yaweza kuridhika na nakala, kwa kuwa ofisi inataka kujua sura ilikuwaje. Na nakala ya mashine, au ya simu, hulitimiza hilo sawasawa, tena yaweza kugeuzwa ili kovu lirudi kushoto. Mjane hataki kujua sura ilikuwaje, maana anaijua. Anataka kile kitu kilichokuwapo.

Kwa hiyo naleta mbele yenu pendekezo hili, na Halmashauri imekubali lipigiwe kura leo. Kwa wazee walio hai, kila mmoja akae mbele ya sanduku mara mbili, ziwepo karatasi mbili ambazo hakuna iliyo nakala ya mwenzake: moja ya nyumbani, moja ya ukutani. Kwa wale wawili waliotutangulia, ambao hawawezi kukaa tena, karatasi ile moja iende nyumbani, itiwe saini katika kitabu, na ukutani iwekwe nakala yenye maandishi chini yake kwamba ni nakala. Gharama ya ziada ni karatasi moja kwa kila mzee, na Bwana Mweka Hazina amekwisha kuipiga hesabu.

Wazee ambao hawajapigwa picha bado watangojewa siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe ulio nyuma ya ghala, kabla jua halijawa kali. Nguo za rangi ya bluu iliyokoza au kijani zitafaa kuliko nyeupe. Mwenye kofia nyekundu ajue kwamba itatoka nyeusi. Atakayeletwa na mjukuu, mjukuu huyo akae hatua chache pembeni, kwa sababu sekunde tatu ni nyingi mno kwa mtoto.